Huyu au Hii?

Mabishano yalianzia kwenye herufi moja. Mdogo wangu alikuwa anasimulia alipofikia kwenye riwaya tuliyokuwa tunaisoma pamoja, akasema, "Basi pale Lovey anamwambia Jenks..." Mwalimu akamkatiza kwa ile sauti iliyokaa mbele ya ubao miaka thelathini na ushee: "Anamwambia, au inamwambia?"

Tulikuwa sita sebuleni kwa shangazi, Sinza, Jumamosi baada ya alasiri, feni la dari likizunguka kwa kusuasua. Mdogo wangu akajaribu tena. "Inamwambia Jenks..." Akasita, akakunja uso kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. "Hapana, Mwalimu. Haikai."

"Haikai kwa nini? Kwani Lovey ni nini?"

Lovey ni kompyuta. Ndiyo akili ya chombo kizima cha anga: inafungua milango, inapima hewa, inapokea simu, inawaamsha watu usiku mambo yakiharibika. Haina mwili. Ila ina utani wake, ina woga wake, na ina mtu anayempenda, huyo fundi Jenks. Mmeona? Nimeshika "ina" vizuri tangu mwanzo, halafu hiyo "anayempenda" imenitoka bila kuombwa.

Kitabu chenyewe kinaitwa The Long Way to a Small, Angry Planet, riwaya ya kwanza ya Becky Chambers, Mmarekani wa California. Nitataja mambo ya mwishoni, kwa hiyo anayetaka kukisoma kwanza aishie hapa, atanikuta. Mimi na hadithi za anga tulikuwa hatujuani kabisa. Kilichonifanya nikubali ni namna kitabu kilivyopatikana. Mwandishi alikuwa anaishi kwa kazi za kalamu za hapa na pale, kazi zikakauka kabla hajamaliza kuandika. Mwaka 2012 akaomba mchango mtandaoni, kwenye Kickstarter, watu wakamchangia, akamaliza. Mwaka 2014 akakichapisha mwenyewe. Mwaka 2015 wachapishaji wa Uingereza, Hodder & Stoughton, wakakichukua, na mwaka 2019 mfululizo wote wa vitabu hivyo ukapata Hugo, tuzo ya hadithi za kubuni za kisayansi. Mimi nimechangia harusi, kicheni pati, sendofu na ubarikio wa watu ambao hata sura zao sizikumbuki. Sijawahi kuletewa kadi ya mchango wa riwaya. Ningetoa.

Nakala ya karatasi tulikuwa nayo moja, imeletwa na ndugu wa Nesi kwenye begi pamoja na viatu vya watoto. Wengine tulisoma kwenye simu. Kusoma tulisoma Kiingereza, kuongea tukaongea Kiswahili, na hapo katikati ndipo mambo yote ninayotaka kuyasema yalipotokea. Hatukupanga. Ukisoma peke yako kwa Kiingereza unateleza tu, ukurasa baada ya ukurasa. Lakini ukishafungua mdomo umsimulie mwenzio kwa Kiswahili, lugha inakudai: huyu au hii? Yeye au wao? Huwezi kuanza kitenzi bila kujibu.

Hadithi nayo ni ndogo kuliko unavyodhani. Kuna chombo, Wayfarer, kazi yake kutoboa njia za mkato angani ili vyombo vingine visitumie miaka barabarani. Ni wakandarasi, basi. Hawana jeshi, hawana unabii, hakuna mteule wa kuokoa ulimwengu. Wanapata tenda nono, mbali sana, kwa jamii moja yenye ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe, na kufika kazini peke yake kunakula karibu mwaka. Kitabu ndiyo hiyo safari. Wanakula, wanagombana, wanatengeneza kilichoharibika, wanasimama njiani kununua vifaa, wanapokea barua za nyumbani.

Kikao cha kwanza Fundi alikuja amenuna. "Nimesoma kurasa themanini. Hakuna kilichotokea."

"Wamekula mara tatu," Nesi akasema.

"Ndiyo nasema."

Mwalimu akamuuliza kama amewahi kupanda treni ya TAZARA. Dar mpaka Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860. Aliyeshuka hakusimulii reli, anakusimulia yule mama wa kitanda cha juu aliyebeba kuku, na kijana aliyelia usiku akidhani wenzake wamelala. Fundi hakuridhika, na nakiri alikuwa na haki kidogo. Kuna sura pale katikati zimekaa kama vipindi vya televisheni: tatizo linaingia, linatatuliwa, wote mezani. Mhusika mmoja mmoja anapewa zamu yake ya kututoa machozi, kama foleni ya kliniki. Mimi ningekata mbili.

Lakini Fundi alipofika walipokula wadudu, akalainika. Humo chomboni wadudu ni chakula cha kawaida, wanafugwa, wanapikwa, hakuna anayeshangaa. Mdogo wangu akatoa ulimi kwa kinyaa. Fundi, mtu wa Bukoba, akamtazama kwa huruma. "Wewe senene umekula mara ngapi?" Kikao kilichofuata akaja na kopo la senene wakavu, na tangu siku hiyo hajalalamika tena kwamba hakuna kinachotokea.

Nami niungame. Kikao cha pili sikuwa nimesoma. Wiki ile ofisini hapakukalika, nikapitia kurasa za mwanzo na maelezo ya nyuma ya jalada, nikaja na uso mkavu. Zamu yangu ilipofika nikasema kwa madaha kwamba nimependa sana vita vilivyoandikwa. Nesi akaweka kikombe chini. "Vita gani, dada? Ukurasa wa ngapi?" Hapakuwa na vita. Hata ngumi hazikuwepo. Wamenicheka mpaka leo, mtu akichelewa kujibu jambo lolote, utasikia, "Mwacheni, yuko vitani."

Nikarudi nyumbani nikasoma kwa hasira, na ndipo nikakutana na Rosemary. Mimi ni karani katika ofisi ya wakala wa forodha. Nagomboa mizigo ya watu bandarini: nyaraka, vibali, malipo, mihuri, simu kumi za mteja anayeuliza kontena lake limefika wapi wakati kontena halijatoka Mombasa. Katika filamu zote za anga nilizoziona utotoni hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa kibali. Wanatua popote, wanapakia chochote, wanaondoka. Rosemary, anayefungua kitabu hiki, ni karani. Ameajiriwa kwa sababu nahodha Ashby hujaza fomu hovyo, na bila fomu zilizonyooka hapewi tenda kubwa. Nilisoma ukurasa huo mara mbili, nikampigia simu mdogo wangu usiku. "Humu kuna mtu kama mimi."

Na hakuachwa kama kichekesho. Chombo kinavamiwa na maharamia, jamii inayoitwa Akarak, ambao sayari yao iliwahi kutawaliwa na kunyonywa mpaka ikabaki ganda. Wana bunduki. Hawajui lugha ya pamoja ya wale wengine, ila wanaijua lugha ya waliowatawala, Kihanto. Rosemary aliisoma lugha hiyo chuoni. Anasimama mbele ya bunduki anatetemeka, anaongea nao kwa adabu, anauliza wanahitaji nini hasa, wanapatana wachukue hiki waache kile, wanaondoka. Hakuna aliyekufa. Mimi najua kazi hiyo. Kumweka mtu mwenye hasira na mamlaka kwenye meza moja na orodha, mkashuka nayo mstari kwa mstari mpaka akapoa, ni ufundi, na sikuwahi kuuona umeandikwa.

Papaa alisikiliza maelezo yangu kimya. Papaa ni jina tulilompa, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bukavu, mwenzetu tangu mwaka juzi. Akasema kwa upole tu, "Lugha ya yule aliyekupiga, ukiijua vizuri, inaokoa." Akanywa chai yake.

Hapa niseme neno juu ya Kiswahili chenyewe, maana kuna aliyedai siku ya kwanza kwamba lugha yetu haina maneno ya mambo haya. Kwa mtu wa pwani "chombo" ni jahazi kabla hakijawa kitu kingine chochote. Rubani alikuwa wa baharini kabla hajapandishwa kwenye ndege. Nahodha, mabaharia, shehena, kutia nanga, kung'oa nanga: tulisimulia kitabu kizima kwa maneno ya bandari na hakuna kilichopungua. Mwani tu ndio ulitusumbua, kwa sababu chombo kinaendeshwa kwa mafuta ya aina ya mwani mdogo usioonekana kwa jicho, na kila tukisema "mwani" mdogo wangu anawaona akina mama wa Paje na kamba zao majini. Na aliyesema anga si mambo yetu, Mwalimu alimkumbusha tarehe 12 Desemba 1970: kwenye jukwaa la Waitaliano baharini, karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza eksirei kutoka angani, ya kwanza ya kazi hiyo, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya ikapewa jina Uhuru. Kwa hiyo Kiswahili kilishapaa siku nyingi.

Turudi kwenye viwakilishi. Kitabu kina watu wa aina nyingi, na pale ambapo jinsia ya mtu haijulikani au haipo, mwandishi anatumia kiwakilishi kipya, xe. Mdogo wangu alidhani ni makosa ya chapa. Alihesabu saba akataka kumwandikia mchapishaji. Mwalimu alipoelewa akacheka mpaka miwani ikavuka pua. Wenye Kiingereza wanahangaika kutengeneza kitu ambacho bibi zetu walizaliwa wakakikuta. Yeye ni yeye. Alikuja, alikula, aliondoka. Mpishi wa chombo, Dr. Chef, ambaye pia ndiye daktari, ni wa jamii ambayo huzaliwa wanawake, wakipita umri wa kuzaa wanakuwa wanaume, na uzeeni wanakuwa si hiki wala kile. Kwa Kiingereza unabadilisha kiwakilishi kila hatua. Kwa Kiswahili tulimsimulia tangu utoto mpaka uzee bila kugusa hata silabi.

Lakini kisichoonyeshwa pia hufichika. Shangazi hasomi nasi. Yeye huingia na kutoka na birika, vitumbua, na masikio yake. Kikao cha nne alisimama mlangoni akasikiliza habari za Rosemary na rubani Sissix, namna karani yule mpole alivyojikusanya hatimaye akaenda kumwambia rubani anavyompenda, na rubani akampokea. Shangazi akafuta mikono kwenye kanga. "Nimefurahi. Amepata kijana mwenye kazi yake."

Sissix ni jike. Ana magamba na manyoya kichwani, ndiyo, lakini ni jike, kitabu kinasema she toka ukurasa wa kwanza anaotokea. Vikao vinne tulikuwa tumesema "alifanya, alisema, akamkumbatia", na shangazi alikuwa amejichorea kijana wake. Tukaangaliana. Fundi akaanza kukohoa. Hakuna aliyemsahihisha. Shangazi akaongeza chai akatoka, ameridhika.

Na wewe unayesoma, umeshampa Fundi wetu ndevu? Sijasema popote. Ni binti wa miaka ishirini na sita, anatengeneza friji na viyoyozi kuanzia Kijitonyama mpaka Mbezi, na pikipiki yake hamwazimi mtu.

Kuhusu Dr. Chef kuna sura moja sitaisahau. Jamii yake ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe mpaka wakabaki mia tatu hivi, na waliobaki wakaona waishie hapo. Alikuwa na mabinti. Wote walikufa vitani. Anamsimulia Rosemary haya kwa sababu Rosemary naye amefichua aibu yake: baba yake aliuza silaha, na yeye amekimbia mpaka kubadili jina. Mpishi hamhukumu. Anampa chai. Tulifika hapo tukiwa na kelele, kila mtu ana maoni juu ya dhambi ya baba na mtoto, Nesi anasema hili, Mwalimu anasema lile. Papaa alikuwa ameshika kitumbua hakili. Akasema, "Ndiyo hivyo. Unapika. Watu wanakuja, unawapikia." Tulijua kwamba Papaa alitoka Bukavu. Hatujawahi kumuuliza alitoka na nani. Nesi akamwongezea chai bila kusema kitu, na kwa dakika nzima ilisikika feni peke yake.

Sasa Lovey.

Mwalimu alikuwa na msimamo wa sarufi: ngeli ya A-WA ni ya viumbe hai. Mashine ni I-ZI, mwisho wa habari. Kompyuta inawaka, kompyuta inazimwa. Hata hayo majina mapya, akili mnemba wanasema wengine, akili unde wanasema wengine, yote ni "akili hii".

"Na jini?" Nesi akauliza. "Jini ni huyu. Nani amempima mapigo ya moyo?"

"Mti uko hai," mdogo wangu akadakia, "na hatusemi mti anakua."

Fundi akasema mbuzi ni huyu mpaka kisu kipite, kisha anageuka hii, robo kilo. Na kwenye ngano, jiwe likishafungua mdomo linakuwa "jiwe akasema". Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetufundisha ngano hizo, akabaki anatikisa kichwa. Halafu Fundi akaeleza jambo ambalo nadhani ndilo lililoanza kumtikisa. Yeye akifungua friji la mtu, akaweka sikio kwenye kompresa, humsikia kwanza. Akimwambia mteja husema, "Huyu hajafa, amechoka tu." Hajui alianza lini. Wenzake gereji husema hivyo pia wakiwa peke yao. Jenks, yule fundi wa chombo anayempenda Lovey, haikuwa kitu cha ajabu kwake hata kidogo. "Ukikaa usiku kucha na mashine inayokujibu," alisema, "unataka niiite hii?"

Papaa alikuwa anatabasamu. "Mwalimu, kwetu Bukavu mambo haya hatuna. Baba iko. Mama iko. Gari iko. Lovey iko. Wote iko."

Mwalimu alishika kichwa kana kwamba kuna aliyefariki. Papaa akacheka, tukacheka wote. Lakini nilipolala usiku ule niliiwaza sentensi hiyo kwa muda. Sisi tulikuwa tunagombania mlango wa nani aingie, na kumbe kuna nyumba haikujengwa mlango.

Mabishano makali kuliko yote hayakuwa ya Lovey, yalikuwa ya Ohan. Ohan ndiye mwongoza njia, au ndio waongoza njia. Jamii yake hupandikiza kirusi kwenye ubongo, kinaitwa Mnong'onezi, na mwenye kirusi huiona anga kwa namna ambayo sisi hatuioni, ndiyo maana chombo hakipotei. Tangu siku hiyo hajihesabu mmoja tena. Ni wawili, na kitabu kinamtaja kwa wingi: they. Hili Mwalimu hakulipinga hata kidogo. Kwao Tunduru, kwa Kiyao, mzee hutajwa kwa wingi kwa heshima, kwa hiyo "Ohan wamelala, Ohan wamekula" zilimtoka laini kama anamtaja babu yake.

Lakini Mnong'onezi huua. Ohan wanakaribia mwisho, wanajua, na wamekubali. Kwa imani yao ndivyo inavyopaswa kuwa. Dawa ipo. Kuitumia ni uasi. Wenzao wote wanaumia lakini wanaheshimu. Kasoro Corbin, mtu wa mwani, mnuna wa chombo asiyependwa na yeyote. Corbin anaingia na sindano, anawachoma bila ridhaa, na Ohan wanapona. Anapona. Mmoja.

Nesi alisimama. Sijawahi kumwona amesimama kikaoni. Mgonjwa mwenye akili timamu akikataa tiba, alisema, unamweleza mara ya pili, unamweleza mara ya tatu, akikataa unaandika amekataa, anasaini, na unakaa naye. Ameshakaa na watu wa namna hiyo. Ni kazi ngumu kuliko sindano yoyote. Corbin amefanya jinai.

"Lakini aliyekataa ni nani?" Fundi akauliza. "Ni mgonjwa au ni kirusi?"

"Wamekataa," Mwalimu akasema taratibu.

"Ndiyo nauliza. Wamekataa wawili. Kama mmoja alitaka kuishi, angesemea mdomo gani?"

Umeme ukakatika hapohapo, na kwa namna fulani ilisaidia. Tukaendelea kubishana gizani, kila mtu sauti tu. Mdogo wangu akasema aliyebaki ameuawa nduguye na ameachwa hai kwa nguvu. Papaa akasema aliyebaki amebaki. Nesi hakushuka kwenye msimamo wake na mimi niko naye, Corbin alikosea. Tatizo langu ni kwamba niliposoma mahali Ohan anapojitaja kwa umoja kwa mara ya kwanza, I badala ya we, nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyeona jamaa yake katolewa chumba cha wagonjwa mahututi. Nikaona aibu kidogo, nikaendelea kufurahi. Kitabu hakimwadhibu Corbin vya kutosha, na hilo nitaendelea kukilaumu. Kinapita haraka mno pale, kama kimejiogopa.

Safari inafika, kazi inaharibika, chombo kinashambuliwa na Lovey anaumia. Njia iliyobaki ni kumzima na kumwasha upya kabisa, wakijua anaweza kuamka bila kumbukumbu. Jenks amekaa pale sakafuni. Wanamwasha. Sauti ni ileile. Inawasalimu wote kwa adabu kama wageni.

Baada ya hapo nilikuwa sifai kwa siku mbili. Jumatatu ofisini mtandao wa forodha ukakwama asubuhi, kama desturi, foleni ikajaa mpaka koridoni. Mteja akaniuliza kulikoni. Nikajibu, "Amelala leo, tumsubiri kidogo." Mteja akatazama nyuma yangu kuona ni bosi gani huyo.

Nakala ile ya karatasi ilinifikia mimi mwisho kabisa, ikitoka kwa Mwalimu. Ina alama ya mafuta ya kitumbua kwenye sura ya maharamia, na chembe za senene zimebanwa kwenye mshono. Pembeni, kwa penseli iliyochongwa vizuri, Mwalimu alikuwa ameweka alama kila mahali Lovey anapozungumza. Kurasa za mwanzo zote ni "i-", zimenyooka kama za daftari la mahudhurio. Kuanzia katikati kuna "a-" mbili tatu, zimefutwa, zikarudishwa. Mahali Lovey anapozungumza na Jenks usiku kuhusu kupata mwili kuna "a-" moja, imekandamizwa mpaka karatasi imevimba upande wa pili.

Nikafungua mpaka pale anapowashwa upya, sauti ileile, asimjue mtu. Mwalimu alikuwa ameandika neno moja, "nyingine". Amelikata kwa mstari mmoja, na juu yake ameandika "mwingine".

Jana nimekipeleka kitabu kwa Nesi, ni chake. Nimemwomba asifute kitu.